Kipindi cha Kabatini

Machi 10

Denise ameniachia daftari hili mezani pamoja na amri. Niandike kila siku Corinne amejifunza nini, kwa sababu mwalimu atakuja kuuliza mwezi Mei. Nikamwambia binti yangu kwamba nimeendesha lori la maziwa maisha yangu yote na hakuna ng'ombe aliyewahi kunidai ripoti. Akasema, "Baba, andika tu." Basi naandika.

Hali yenyewe ni hii. Mjukuu wangu ana miaka kumi, yuko darasa la tano, na tangu Krismasi amegoma kwenda shule. Ana kigugumizi. Siku moja alisimamishwa mbele ya darasa asome insha yake, akakwama kwenye neno la kwanza, wenzake wakamwigiza mpaka kengele ikalia. Kesho yake alijifungia chooni, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumtoa nyumbani. Shule imekubali asomee hapa majira haya ya matope, maana hata wakitaka kuja kumchukua hawawezi kupanda mlima wetu mpaka barabara ikauke. Ila Mwalimu Lathrop ametoa sharti. Mwezi Mei Corinne ataeleza kwa mdomo wake alichojifunza, mbele ya watu. Akishindwa, atarudia darasa la tano, wenzake waende zao na yeye abaki na wadogo. Nikitaja Mei tu, anaondoka chumbani.

Denise ni muuguzi katika hospitali ya bondeni, na matope yakianza hulala huko huko. Kwa hiyo mwalimu ni mimi, Armand Thibault, mwenye nyonga ya chuma na elimu ya kuunga-unga. Mungu atusaidie.

Machi 12

Hesabu za sehemu. Tumegombana. Aliyekosea ni mimi.

Machi 14

Ndani ya simu ya mtoto huyu kuna watu wanaoongea kuanzia asubuhi. Podikasti, ndivyo zinavyoitwa. Mmoja anaeleza namna popo anavyosafiri gizani kwa masikio yake. Mwingine amesimulia historia ya kifungo cha shati, kipindi kizima, kifungo! Nikamwambia azime tusome. Badala ya kuzima akaniwekea kipindi cha maduara, akaenda jikoni, akarudi na sufuria, ndoo, mfuniko wa pipa na utepe wa kupimia.

"Leo ni s-s-s..."

"Siku," nikamsaidia.

Akanikata jicho. "S-siku ya Pai, Babu."

"Pai ya tufaha?"

"Ya namba. Na ya tufaha p-pia, ukioka."

Tulipima kila kitu cha mviringo humu ndani. Ukichukua mzunguko ukaugawanya kwa upana wa katikati, unapata tatu nukta moja nne na kitu kidogo, kama tarehe ya leo, mwezi wa tatu siku ya kumi na nne, iwe sufuria, iwe pipa. Kofia yangu ilitoa tatu na nusu. Corinne anasema kofia haina kosa, kasoro ni ya kichwa. Kisha nikaoka pai. Sijacheka hivyo tangu msimu wa theluji uanze, na namba ile imenikaa kichwani mpaka sasa.

Machi 19

Mvua juu ya theluji. Barabara imeanza kulainika.

Machi 21

Ana kalenda ya sikukuu za ajabu. Siku ya hili, siku ya lile, hakuna tarehe isiyokuwa na sherehe yake, na ile isiyompendeza anaifuta na kutunga ya kwake. Jana ilikuwa Siku ya Mlo wa Kinyumenyume. Donati kwanza, viazi katikati, supu mwisho. Nilipinga vikali. Nilikula. Wakati tunakula alinisikilizisha kipindi kuhusu tumbo, na sasa najua mambo kuhusu utumbo wangu ambayo ningependa kutoyajua.

Mwalimu Lathrop, ukisoma hapa, andika sayansi.

Machi 25

Corinne ameanzisha podikasti yake. Anarekodi ndani ya kabati la makoti, kwa sababu makoti yanameza mwangwi. Inaitwa Leo Mlimani, na ina mambo matatu: sikukuu ya siku, jambo moja la kujua, na hali ya barabara. Kipengele cha mwisho anakichukua kwangu, kwa kuwa barabara hii naijua hata nikifumba macho. Ameituma kwa nyumba zote za mlimani, na kwa Lorraine anayeleta barua.

Machi 27

Leo amenisikilizisha. Nilikaa kwenye kiti nikasikia mtoto anazungumza mfululizo, maneno yanatiririka, hakuna kukwama hata mahali pamoja. Machozi yalinilenga.

Kisha nikaona anavyofanya. Akishamaliza kurekodi, anapita kwenye simu kwa kidole, kila alipokwama anakata, anaunga, anakata tena. Kipindi cha dakika chache kinamla mchana kutwa.

"Mbona unajichosha hivi, mama?"

"Nataka wanisikie n-n-n..."

"Unavyotamani kuwa."

"Nilivyo k-kichwani," akasema, na akarudi kabatini akafunga mlango.

Nilikuwa nimemwekea neno mdomoni, na halikuwa lake. Imenisumbua mpaka jioni.

Machi 30

Matope hadi kwenye ekseli. Leo tumeadhimisha Siku ya Magugu. Tumechora yale yatakayoota, kwa kuwa hakuna lililoota.

Aprili 3

Hollis Pike amenipigia simu. Lazima nieleze uzito wa jambo hili. Hollis ni jirani yangu wa juu, mpika shira, na pia ndiye anayesimamia mkutano mkuu wa mji kila mwaka, na mimi na yeye hatusalimiani tangu alipopitisha mabomba yake ya utomvu kwenye mimepo mitatu, miti ya utomvu mtamu unaochemshwa kuwa shira, ambayo babu yangu aliipanda. Yeye anasema aliipanda babu yake. Simu zangu hapokei, na zake mimi sipokei. Leo nilipokea kwa bahati mbaya.

"Thibault. Mtoto yuko wapi? Hajatoa kipindi."

"Tangu lini wewe unamsikiliza mtu?"

"Nachemsha utomvu toka alfajiri, niko peke yangu na mvuke. Unataka nimsikilize nani, wewe? Mlete hapa ale."

Tulikwenda, kwa ajili ya mtoto. Hollis alimwaga shira ya moto juu ya theluji safi mpaka ikaganda, tukaizungusha kwenye uma, tukala na donati na achari ya matango, kama inavyoliwa. Kwenye shira nampa mtu haki yake. Ni nzuri kuliko ya baba yake.

Ila akaharibu. "Una sauti safi, binti, kama ya redioni. Hukwami hata kidogo." Corinne alijificha nyuma ya koti langu mpaka tulipoondoka. Njiani akaanza kulia.

"Anampenda yule wa k-kwenye simu. S-si mimi."



Aprili 9

Mwalimu Lathrop amepiga. Denise alimtumia vipindi, na amefurahi mno. Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika.

"Bwana Thibault, nilikuwa na wasiwasi bure! Anazungumza vizuri ajabu. Basi tusimsumbue na jopo la walimu. Mkutano mkuu ni Mei sita, utakuwa ukumbini kwetu shuleni. Mwishoni, kwenye mengineyo, asimame aeleze. Watu wote watapenda kumsikia."

Corinne alikuwa mlangoni na kikombe cha chokoleti. Alikiweka chini taratibu sana, akapanda juu.

Aprili 10

Hakuna kipindi.

Aprili 11

Hakuna kipindi. Lorraine ameuliza ukiwa na gari zito upite mtaro gani wa magurudumu. Nikamwambia wa kushoto. Akasema, "Corinne hueleza vizuri zaidi."

Aprili 14

Hakuna kipindi. Theluji ya asubuhi, mvua ya mchana. Nimejaribu kumtungia sikukuu, Siku ya Kumtoa Mjukuu Chumbani. Hakucheka. Nimemwambia nitaongea na mwalimu, nitamwambia ukweli kuhusu kukata na kuunga, na yeye akasema nikithubutu hatanisemesha tena. Kwa hiyo sote wawili tunaijua siri, na sote tunaihesabu Mei kimya kimya. Mtoto anapungua mbele ya macho yangu na mimi nimekaa na kitabu cha sehemu.

Aprili 17

Naandika kabla sijavua buti.

Mvua ilipiga tangu jana. Asubuhi ilipopungua nilimwambia Corinne tushuke mpaka kona ya kijito, kwa kuwa kalenda yake inasema leo ni Siku ya Popo na pale kuna ghala bovu wanapolala. Alikubali, kwa shingo upande. Tulipofika kwenye kona akanishika mkono.

"Babu, s-s-sikiliza."

Chini ya barabara maji yalikuwa yakinguruma mahali ambapo hayakupaswa kuwa. Pale kuna kalavati, bomba pana linalopitisha kijito chini ya njia. Nilipoinama pembeni nikaona matawi yameliziba, na maji yametafuta njia yake nje ya bomba. Udongo wote wa chini umekwenda. Juu barabara inaonekana kama kawaida, matope yale yale, mitaro ile ile. Chini hakuna kitu.

Asiyeishi hapa angepunguza mwendo. Lakini sisi wa mlimani, kona ile hatupunguzi. Ukipunguza kwenye matope umezama, kwa hiyo kila mtu hukanyaga mafuta kuanzia kwa Hollis na kuruka kona kwa kasi, na watoto wetu tunawafundisha hivyo hivyo. Na juu huko nikasikia lori la Hollis linawaka. Alikuwa anapeleka mapipa ya shira bondeni.

Nilimpigia. Hakupokea. Nikapiga tena. Hakupokea, mkaidi yule, kwa kuwa jina lililotokea ni langu! Kupanda kwa nyonga hii nisingefika. Corinne alishatoa simu yake, amesimama kwenye mvua, hakuna kabati, hakuna makoti, anarekodi.

"Leo Mlimani. Ha-ha-hali ya barabara. M-m-msishuke. K-k-k-k..."

Neno lile lilimkaba. Uso ulimwiva. Niliunyoosha mkono niichukue simu, niseme mimi, ingekuwa haraka zaidi. Akanigeuzia mgongo. Akaendelea kupigana nalo peke yake, na lori linakuja, na mimi nimesimama na mkono mtupu.

"...k-kalavati limevunjika. Chini ni sh-shimo. S-s-simama, Bwana Pike."

Akatuma. Hakusikiliza tena, hakukata chochote.

Lori lilijitokeza kwenye mteremko likiwa kwenye mwendo ule tunaokwenda nao wote, kisha likatoa kishindo, likateleza upande, likasimama matairi ya mbele yakiwa kwenye mtaro. Hollis aliteremka na vile vidude vyake vya kusikilizia vipindi masikioni. Akaja hadi karibu na kona, akachukua jiwe akalitupa katikati ya barabara. Pale lilipoanguka, kipande kinachotosha kumeza lori kilishuka chini polepole, na kijito kikakichukua.



"Nilisikia k-k-k," Hollis akasema, na hakuwa anamwigiza, alikuwa anaeleza tu. "Nikasema huyu mtoto ana neno zito. Ngoja amalize. Nikaondoa mguu kwenye mafuta ili nimsikie." Akavua kofia. "Asante, Corinne."

"K-karibu," akasema Corinne.

Nilimpa Hollis mkono. Mimepo ile mitatu ni ya babu yangu, lakini nilimpa mkono.

Aprili 18

Majirani wote wameandika. Hakuna hata mmoja aliyetaja kukwama kwake. Lorraine ametaka kujua tu kama ataacha barua kwenye nyumba ya chini mpaka greda lije.

Kipindi kimetoka. Siku ya Kuchungulia Chini ya Vitu. Hajakata. Kilikuwa kirefu mara mbili ya zamani, na nilikisikiliza chote na kahawa yangu, na ilipopoa nikamimina nyingine.

Aprili 24

Vyura wameanza kulia bondeni, na kwetu hiyo ndiyo ishara kwamba utomvu umekwisha, kwa hiyo Hollis anaosha masufuria. Denise amekuja kwa siku moja, gari ameliacha chini na kupanda kwa miguu. Alikaa kwenye ngazi nje ya kabati la makoti, buti zimejaa tope, akasikiliza mpaka mwisho. Alipoinuka alinivuta jikoni.

"Baba, unamalizia maneno yake."

"Namsaidia."

"Umemuuliza kama anasaidika?"

Nikamuuliza. Corinne alikuwa anakula mkate. Akatafuna, akameza, akasema, "Hapana, Babu." Bila kukwama hata kidogo.

Nilinuna siku nzima. Kisha nikafikiri: mimi ndiye mtu anayempenda kuliko wote mlimani hapa, na ndiye ninayemnyang'anya maneno kila siku, wakati Hollis Pike, wa kwanza kwa ukaidi, aliondoa mguu kwenye mafuta ili amsikie. Kuanzia leo nanyamaza. Kuacha tumbaku kulikuwa rahisi zaidi.

Aprili 28

Nimeshindwa mara kadhaa.

Mei 1

Nimeshindwa mara moja tu, tena neno lilikuwa "donati", nilikuwa na njaa.

Mei 4

Anafanya mazoezi kwenye banda la kuni. Hataki nisikie. Nimepeleka kuni nyingi leo kuliko tunavyohitaji.

Mei 6

Mkutano mkuu wa mji. Asubuhi tulibishana kuhusu greda, kisha kuhusu paa la banda la greda, kisha tukala maharage ya kuoka na pai za kina mama, kisha tukabishana kuhusu tulichokuwa tumekwisha kubaliana asubuhi. Ulikuwa mkutano mzuri. Corinne alikaa kati yangu na Denise, mikono ameikalia. Mwalimu Lathrop alikuwa safu ya mbele na kalamu yake.

Hollis akagonga meza. "Mengineyo. Corinne Thibault wa mlimani anaomba kusema. Si mpiga kura, kwa hiyo kanuni inataka ukumbi umruhusu. Kuna anayepinga?"

Wote tuligeuka kumtazama Vernon Stubbs, ambaye hupinga kila kitu, hata sala ya kufungulia mkutano. Vernon alikuwa anatazama viatu vyake.

Corinne akasimama.

"M-mimi nimesomea nyumbani," alianza. "K-kwa podikasti, na sikukuu." Watu wakatabasamu. Akaeleza matope. Namna ardhi inavyoganda kuanzia juu kwenda chini wakati wa baridi, na jua linavyoyeyusha tabaka la juu kwanza, maji yakakaa juu ya barafu kama supu kwenye bakuli kwa kuwa hayana pa kwenda. Alikwama, akatoka, akakwama, akatoka. Akaeleza maji yanavyokula udongo kutoka chini bila wa juu kujua. Kisha akasema ana ombi.

"Naomba mji uwe na s-sikukuu yake. Tarehe kumi na saba Aprili. Kila nyumba itoke ikaangalie, isafishe matawi. Iitwe S-siku ya K-k-k..."

Ukumbi mzima ulilijua neno. Nililijua kuliko wote, lilikuwa limenijaa mdomoni. Macho aliyafumba, shingo ikamsimama. Kiti kikalia mahali. Mtu nyuma kabisa, kwa wema tu, akaanza, "Kala..."

Hollis akagonga meza mara moja. "Zamu ya kusema ni ya binti. Ukumbi utasubiri."

Ukasubiri. Wakulima, watengeneza barabara, watu ambao kutwa nzima hawakumwacha mwenzao amalize sentensi, walikaa na kofia mapajani wakasubiri. Hakuna aliyetazama saa. Niliuma meno.

"...k-kalavati," akasema Corinne, na akafumbua macho.

"Wanaokubali waseme ndiyo."

Madirisha yalitikisika.

"Wanaopinga?"

Vernon akainuka. "Sipingi. Naomba marekebisho. Kuwe na donati." Marekebisho yalipita.

Mwalimu Lathrop naye akanyoosha mkono, akauliza kwa nini basi kona zenye kivuli huchelewa kuharibika kuliko zenye jua. Corinne akamjibu, kwa muda aliouhitaji. Mwalimu hakuandika chochote. Mkutano ulipofungwa alimfuata Denise, akasema alisikia vipindi vile vyote vilivyokatwa vizuri, na hakuna hata kimoja kilichofika nusu ya hiki. "Amepita," akasema. "Na ningependa anifundishe ile ya pai."

Nimewahi kujivunia mambo. Lori langu, meza niliyoitengeneza, Denise siku aliyovaa sare. Leo nilijivuna mpaka nikaogopa kusimama. Watu walikuja kumpa mkono na yeye akawajibu mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba koti lake, sina kazi nyingine, wala sikutaka nyingine.

Tulirudi wote watatu kwenye gari langu, kona ya kijito ikiwa imeshawekewa bomba jipya. Nilipozima injini uani, hakuna aliyefungua mlango.

"Babu," akasema Corinne. "Kumbe niko d-d-darasa la s-s-s..."

Namba hiyo niliijua. Denise aliijua. Tulikaa garini, mikono yangu kwenye usukani, mpaka akaifikia mwenyewe.